Mkono Ulioshika Koki: Gesi Asilia na Usalama wa Mataifa

Usalama wa nishati, kwa maana inayotumiwa na wachumi na watunga sera, ni hali ya nchi kupata nishati inayotosheleza mahitaji yake, kwa bei ambayo wananchi na viwanda vyake wanaimudu, bila kukatiziwa na mtu aliye nje ya mipaka yake. Hakuna nishati inayoupima usalama huo kwa ukali kama gesi asilia, na sababu yake imo katika umbile la gesi yenyewe. Mafuta ghafi yanaweza kupakiwa melini, kwenye mabehewa ya treni au hata kwenye malori, na yakikosekana kwa muuzaji mmoja yanatafutwa kwa mwingine. Makaa ya mawe yanaweza kurundikwa uwanjani kwa miezi kadhaa yakisubiri kutumika. Gesi haikubali mambo hayo kwa urahisi, kwa kuwa ni hewa nyepesi isiyokaa bila kufungiwa, na kwa sehemu kubwa ya historia yake imesafiri ndani ya mabomba ya chuma yaliyofukiwa ardhini au kulazwa chini ya bahari. Bomba likishajengwa halihamishiki, na kwa hiyo anayeuza, anayenunua na yule ambaye bomba linapita katika ardhi yake hujikuta wamefungwa pamoja kwa miaka 20 au 30, hata kama katikati ya muda huo wamekuwa maadui.

Kabla ya kuendelea inafaa kuitofautisha gesi hii na gesi ya mtungi, ambayo wengi wa wapishi wa mijini Afrika Mashariki wanaitumia. Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani, unaotokana na usafishaji wa mafuta na uchakataji wa gesi, na mgandamizo mdogo tu unatosha kuugeuza kuwa kimiminika kinachobebeka kwenye mtungi wa kilo 6 au 15. Gesi asilia kwa sehemu kubwa ni methani, na methani haigeuki kimiminika kwa kugandamizwa tu katika joto la kawaida. Ni lazima ipoozwe hadi nyuzi 162 za Selsiasi chini ya sifuri, kiwango ambacho kinahitaji mitambo ya mabilioni ya dola. Ikishapoozwa ujazo wake hupungua takriban mara 600, na hapo ndipo inapoweza kupakiwa kwenye meli maalumu zenye matangi yanayohifadhi baridi, ikavushwa bahari na kurudishwa kuwa hewa katika bandari ya mnunuzi. Hii ndiyo gesi asilia iliyosindikwa, na tofauti kati ya gesi ya bomba na gesi ya meli ndiyo kiini cha sehemu kubwa ya siasa zitakazoelezwa hapa.

Mfano unaoonyesha siasa hizo kwa ukamilifu ni uhusiano wa Ulaya na Urusi, ambao ulidumu zaidi ya nusu karne na kuvunjika katika muda wa miezi michache. Ulaya Magharibi haikuanza ikiwa tegemezi. Mwaka 1959 huko Slochteren, katika jimbo la Groningen nchini Uholanzi, liligunduliwa mojawapo ya maeneo makubwa kabisa ya gesi duniani, na gesi hiyo ndiyo iliyozizoesha nyumba za Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani Magharibi kupika na kujipasha joto kwa methani. Mahitaji yalipokua, wanunuzi walitazama mashariki. Austria ilianza kupokea gesi ya Muungano wa Kisovieti mwaka 1968, na mwaka 1970 Ujerumani Magharibi ikasaini mkataba ambao msingi wake ulikuwa rahisi kueleweka: viwanda vya Ujerumani vingetoa mabomba ya chuma yenye kipenyo kikubwa, ambayo Wasovieti hawakuweza kuyatengeneza kwa wingi uliohitajika, benki za Ujerumani zingetoa mkopo wa kuyanunua, na deni lote lingelipwa kwa gesi ambayo ingepita ndani ya mabomba hayohayo.

Waliobuni mpango huo waliamini kwamba biashara ingepunguza uhasama wa Vita Baridi, kwa hoja kwamba muuzaji anayehitaji fedha na mnunuzi anayehitaji joto hawana faida ya kupigana. Marekani haikukubaliana nao. Mapema katika miaka ya 1980, serikali ya Rais Ronald Reagan iliwawekea vikwazo watengenezaji wa vifaa vya bomba jipya kutoka Urengoy, Siberia, hadi Uzhhorod katika mpaka wa magharibi wa Ukraine, lakini viongozi wa Ulaya, akiwemo Margaret Thatcher wa Uingereza aliyekuwa mshirika wake wa karibu, walivipinga, na vikwazo hivyo viliondolewa Novemba 1982. Bomba likajengwa. Kwa miaka mingi hoja ya Wazungu wa Ulaya ilionekana kuwa sahihi, kwa sababu gesi ilitiririka wakati wa mivutano ya makombora ya nyuklia na hata wakati dola ya Kisovieti yenyewe ilipokuwa ikisambaratika.

Ni kusambaratika huko kulikobadilisha kila kitu, ingawa bomba halikusogea hata hatua moja. Mwaka 1991 bomba lililokuwa ndani ya nchi moja lilijikuta likipita katika nchi mbili huru, ambapo Urusi ilimiliki gesi na Ukraine ikamiliki njia. Ukraine ilikuwa ikilipa bei nafuu na mara nyingi ilikuwa na madeni. Urusi nayo, kupitia kampuni yake ya Gazprom, ilikuwa ikitumia bei hiyo kuituza serikali iliyoipenda mjini Kyiv na kuiadhibu ile isiyoipenda. Tarehe 1 Januari 2006 Gazprom ilipunguza gesi iliyokuwa ya Ukraine, na nchi za Ulaya zilizo mbele zaidi kwenye bomba zikahisi upungufu kwa siku chache. Januari 2009 mgogoro ulirudi kwa ukali zaidi, na kwa takriban wiki mbili katikati ya majira ya baridi gesi yote iliyokuwa ikipita Ukraine kwenda Ulaya ilikatika. Slovakia ilitangaza hali ya hatari, na Bulgaria, iliyokuwa ikipata karibu gesi yake yote kupitia njia hiyo moja, iliona viwanda vikifungwa na mabomba ya kupasha nyumba joto yakipoa.

Somo la mwaka 2009 lilikuwa wazi, lakini lilisomwa kwa namna mbili zinazopingana. Ujerumani ilihitimisha kwamba tatizo lilikuwa Ukraine, yaani mpitishaji, na kwamba dawa ilikuwa kuikwepa. Kwa hiyo likajengwa bomba la Nord Stream, lililokuwa limepangwa tangu kabla ya mgogoro huo, lenye urefu wa kilomita 1,224 chini ya Bahari ya Baltiki, kutoka Vyborg nchini Urusi hadi Lubmin katika pwani ya Ujerumani, likiwa na uwezo wa kupitisha mita za ujazo bilioni 55 kwa mwaka, na lilizinduliwa Novemba 2011. Poland na nchi ndogo za Baltiki zilipiga kelele kwamba bomba hilo lingeiwezesha Urusi kuwakatia gesi majirani wake bila kuwagusa wateja wake matajiri, lakini kelele hizo zilichukuliwa kuwa ni hofu za watu walioumizwa na historia.

Lithuania ilisoma somo hilo kwa namna ya pili. Nchi hiyo ya watu wasiofikia milioni tatu ilikuwa ikinunua gesi yake yote kutoka Gazprom, kwa bei iliyokuwa miongoni mwa za juu kabisa barani Ulaya, kwa sababu haikuwa na mahali pengine pa kununua na muuzaji alilijua hilo. Serikali yake iliamua kukodi meli. Meli hiyo, iliyotengenezwa Korea Kusini na kupewa jina la Independence, ina urefu wa karibu mita 300, na kazi yake ni kukaa bandarini Klaipėda ikipokea gesi iliyosindikwa kutoka meli nyingine, kuipitisha kwenye vifaa vinavyoipasha joto kwa maji ya bahari hadi irudi kuwa hewa, kisha kuisukuma kwenye bomba la nchi kavu. Iliwasili Oktoba 2014 ikipokelewa kwa sherehe za kitaifa. La kustaajabisha zaidi ni kwamba miezi kadhaa kabla ya meli kufika, Gazprom ilikuwa imekwisha kuipunguzia Lithuania bei kwa takriban moja ya tano, maana mnunuzi alikuwa amepata mlango wa pili. Wachambuzi wengi walisema wakati ule kwamba gharama ya meli ilikuwa kubwa mno kwa nchi ndogo kama ile. Aprili 2022 Lithuania ilitangaza kwamba haichukui tena gesi ya Urusi hata kidogo, na ilikuwa ya kwanza katika Umoja wa Ulaya kufanya hivyo. Ujerumani, yenye uchumi mkubwa kuliko wote barani humo, wakati huo haikuwa na kituo hata kimoja cha kupokelea gesi ya meli.

Kabla ya vita vya mwaka 2022 Urusi ilikuwa ikiuzia Umoja wa Ulaya zaidi ya asilimia 40 ya gesi iliyoagizwa kutoka nje, na kwa Ujerumani sehemu hiyo ilizidi nusu. Tegemeo halikuwa la gesi peke yake. Huko Rehden, kaskazini mwa Ujerumani, lipo ghala la chini ya ardhi ambamo gesi hujazwa wakati wa kiangazi, katika miamba iliyo kina cha takriban mita 2,000, ili itumike wakati wa baridi. Ni kubwa kuliko ghala lolote la aina yake Ulaya Magharibi, na lilikuwa mikononi mwa kampuni tanzu ya Gazprom. Katika majira ya baridi ya mwaka 2021 kuelekea 2022, ghala hilo lilikuwa karibu tupu. Ulaya ilikuwa imemkabidhi muuzaji wake bomba na pia akiba ambayo kazi yake hasa ni kumkinga mnunuzi dhidi ya muuzaji huyohuyo, na ni vigumu kuliona jambo hilo kuwa chochote isipokuwa uzembe mkubwa wa kisera uliofanywa na watu wenye elimu na taarifa zote.

Baada ya Urusi kuivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, mambo yalikwenda kwa kasi. Siku mbili kabla ya uvamizi Ujerumani ilikuwa imekwisha kusimamisha idhini ya Nord Stream 2, bomba la pili lililokuwa limekamilika na kujazwa gesi. Mwishoni mwa Machi Urusi ilidai wateja walipe kwa ruble. Poland na Bulgaria zilipokataa, zilikatiwa gesi Aprili 27. Kuanzia Juni gesi ya Nord Stream ilipunguzwa hatua kwa hatua kwa sababu zilizotajwa kuwa za kiufundi, ikafika asilimia 20 ya uwezo wake, na kufikia mapema Septemba ikasimama kabisa. Tarehe 26 Septemba milipuko ya chini ya bahari karibu na kisiwa cha Bornholm cha Denmark iliyapasua mabomba matatu kati ya manne ya Nord Stream ya kwanza na ya pili.

Katika soko la Uholanzi liitwalo TTF, ambalo bei yake ndiyo kipimo cha Ulaya nzima, gesi iliyokuwa ikiuzwa kwa takriban euro 20 kwa megawati-saa katika miaka ya kawaida ilivuka euro 300 mwishoni mwa Agosti 2022. Serikali zilitumia fedha nyingi mno kununua gesi kwa bei yoyote ili kujaza maghala. Zilipitisha sheria ya kuyajaza hadi asilimia 80 kabla ya Novemba, zikapita lengo hilo. Ziliwaomba wananchi na viwanda wapunguze matumizi kwa asilimia 15, nao wakapunguza zaidi ya hapo. Ujerumani iliyokuwa haina kituo ilifungua kimoja cha kuelea huko Wilhelmshaven Desemba 17 mwaka huohuo, kazi ambayo katika hali ya kawaida ingechukua miaka. Majira ya baridi nayo hayakuwa makali. Ulaya ilivuka salama, na viongozi wake walijipongeza kwa haki kiasi fulani.

Lakini hesabu hiyo haijakamilika mpaka ielezwe gesi ile ya meli ilitoka wapi. Mitambo ya kusindika gesi duniani haikuongezeka ghafla mwaka 2022; kujenga mmoja huchukua miaka minne au mitano. Ulaya iliongeza ununuzi wake wa gesi ya meli kwa zaidi ya nusu katika mwaka mmoja, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ilikuwa gesi ambayo ingenunuliwa na wengine. Mikataba mingi ya gesi ya Marekani haimfungi mnunuzi kuishusha katika bandari moja, na kwa hiyo mwenye shehena anaweza kuigeuza meli ikiwa katikati ya bahari na kuipeleka kwa anayelipa zaidi. Julai 2022 Pakistan ilitangaza zabuni ya kununua shehena kumi za gesi, na hakuna hata muuzaji mmoja aliyejitokeza. Bangladesh, ambayo sehemu kubwa ya umeme wake huzalishwa kwa gesi, iliacha kununua katika soko la papo kwa papo, yaani soko la shehena mojamoja nje ya mikataba ya muda mrefu, kwa kuwa bei ilikuwa imeishinda, na mwezi huohuo ikaanza kukata umeme kwa ratiba nchi nzima. Usalama wa nishati wa Ulaya ulinunuliwa kwa fedha, na waliokosa fedha za kushindana walilipa kwa giza. Hili halikuwa kosa la mama wa Hamburg aliyetaka nyumba yake iwe na joto, lakini ni ukweli ambao hautajwi katika hotuba nyingi zinazousifu ustahimilivu wa Ulaya.

Afrika Mashariki, ambayo haikununua shehena hata moja ya gesi hiyo, nayo haikuachwa nje, kwa sababu methani si kuni tu, bali pia ni malighafi ya mbolea. Hidrojeni inayotolewa kwenye methani huunganishwa na naitrojeni ya hewani kuwa amonia, na amonia ndiyo inayotengenezewa urea. Gesi ilipopanda bei, viwanda kadhaa vya amonia barani Ulaya vilipunguza uzalishaji au kufunga, na kwa kuwa Urusi yenyewe ni muuzaji mkubwa wa mbolea, mfuko wa kilo 50 ukapanda bei hadi katika maduka ya pembejeo ya vijijini. Nchini Tanzania bei ya urea ilipita shilingi 100,000 kwa mfuko, na mwaka 2022 serikali ikaanzisha ruzuku ili mkulima ainunue kwa shilingi 70,000. Nchini Kenya, Septemba mwaka huohuo, serikali mpya ya Rais William Ruto ilitangaza kuushusha mfuko kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500 za Kenya. Mkulima wa mahindi wa Songea au Kitale aliyepunguza mbolea shambani msimu ule alikuwa akiguswa na koki iliyofungwa umbali wa maelfu ya kilomita.

Mwisho wa njia ya Ukraine ulikuja kwa utulivu usiotarajiwa. Kwa karibu miaka mitatu ya vita, gesi ya Urusi iliendelea kupita katika ardhi ya Ukraine kuelekea Ulaya kwa mkataba uliosainiwa mwaka 2019, na pande zote mbili zilipata mapato yake. Hata baada ya majeshi ya Ukraine kuuteka mji wa Sudzha ndani ya Urusi, Agosti 2024, mahali palipo kituo cha kupimia gesi hiyo inapoingia Ukraine, mtiririko haukukatika. Mkataba ulipokwisha mkesha wa mwaka mpya wa 2025, Ukraine ilikataa kuurefusha. Walioumia mara moja ni wakazi wa Transnistria, eneo la Moldova lililojitenga na kuelemea Urusi, ambao kwa miongo mitatu walipewa gesi bila kudaiwa malipo kwa dhati na wakajenga uchumi wao wote juu yake. Asubuhi ya Januari 1 nyumba zao zilikosa joto na maji ya moto. Mwishoni mwa mwaka 2025 Umoja wa Ulaya ulikubaliana kwamba uagizaji wa gesi ya Urusi, ya bomba na ya meli, ukomeshwe kabla mwaka 2027 haujaisha.

Nafasi ya Urusi imechukuliwa na Norway kwa upande wa mabomba na Marekani kwa upande wa meli. Shehena ya kwanza ya Sabine Pass, Louisiana, ilipakiwa Februari 2016, na kufikia mwaka 2023 Marekani ilikuwa msafirishaji wa kwanza duniani wa gesi iliyosindikwa. Sasa takriban nusu ya gesi ya meli ya Ulaya inatoka huko. Wapo Ulaya wanaoanza kuuliza kama kumtegemea mshirika mmoja mwenye siasa zinazobadilika kila baada ya miaka minne si kosa lilelile katika sura nyingine, na swali lao ni la haki. Qatar, yenye sehemu ya eneo kubwa kuliko yote la gesi duniani ambalo linavuka mpaka wa bahari na kuingia Iran, inasafirisha gesi yake yote ya meli kupitia Mlango wa Hormuz, na mwaka 2024 takriban moja ya tano ya biashara yote ya gesi ya meli duniani ilipita katika mlango huo mwembamba. Jirani yake Oman ilipata bahati ya kijiografia: mtambo wake wa Qalhat, karibu na mji wa Sur, uko nje ya mlango huo, ukitazama bahari wazi.

Upande wa muuzaji nao una utumwa wake, na hili halisemwi vya kutosha. Gesi iliyokuwa ikienda Ulaya inachimbwa magharibi mwa Siberia, ilhali bomba la Power of Siberia linaloihudumia China tangu Desemba 2019 linapata gesi kutoka maeneo mengine ya mashariki, na mifumo hiyo miwili haijaunganishwa. Urusi ilipompoteza mnunuzi wa Ulaya haikuweza kuigeuza gesi ile kwenda kwingine. Gazprom ilitangaza kwamba mwaka 2023 ilipata hasara, ya kwanza ya mwaka mzima kwa zaidi ya miongo miwili. Majadiliano ya bomba la pili la kwenda China kupitia Mongolia yamevutana kwa miaka mingi juu ya bei, kwa kuwa Beijing inajua kwamba muuzaji aliyebakiwa na mlango mmoja hana nguvu ya kukataa, kama Gazprom ilivyojua hivyohivyo kuhusu Lithuania.

Hoja hiyo ndiyo inayopaswa kuifikia pwani ya Afrika Mashariki, ambako Tanzania na Msumbiji zimekalia gesi nyingi chini ya bahari katika maeneo yanayopakana. Katika jimbo la Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, uasi wenye silaha ulianza Oktoba 2017 katika mji wa Mocímboa da Praia, na Machi 2021 waasi waliuvamia mji wa Palma, jirani na rasi ya Afungi ambako kampuni ya TotalEnergies ilikuwa ikijenga mradi wa dola bilioni 20. Maelfu walikimbia, baadhi yao wakielekea mto Ruvuma, na mradi ukasimamishwa kwa zaidi ya miaka minne. Wanajeshi wa Rwanda waliingia Julai mwaka huohuo kulinda eneo hilo. Wakati huohuo mtambo wa kuelea wa Coral Sul, ulio mbali baharini, ulituma shehena yake ya kwanza Novemba 2022, Ulaya ikiwa katika kilele cha njaa yake ya gesi. Mtambo usiogusa nchi kavu ni salama kwa mwekezaji, lakini kijana wa Palma asiyekuwa na kazi hapati ajira ndani yake, na uasi ule ulilelewa kwa sehemu na hisia kwamba utajiri unapita mbele ya macho ya watu bila kuwafikia. Mtwara nako, mwaka 2013, wakazi walipopinga bomba la kuipeleka gesi Dar es Salaam, ghasia zilizuka na watu wakapoteza maisha.

Tanzania imekuwa na gesi kwa muda mrefu kuliko wengi wanavyokumbuka. Iligunduliwa Songo Songo, wilayani Kilwa, mwaka 1974, na Mnazi Bay mwaka 1982. Ile ya Songo Songo ilianza kuzalisha umeme mwaka 2004, na bomba la Mtwara hadi Dar es Salaam lilizinduliwa mwaka 2015 kwa mkopo kutoka China. Gesi hiyo, inayotumika ndani ya nchi, imeusaidia umeme wa taifa mvua zilipochelewa na mabwawa yakapungua maji, na leo inaendesha viwanda vya saruji, pamoja na magari na bajaji zinazopanga foleni katika vituo vya kujazia vya Dar es Salaam. Huo ndio usalama wa nishati halisi, ingawa ni nadra kuitwa hivyo: koki iko Madimba, mkoani Mtwara, na Songo Songo, na anayeishika ni Mtanzania. Mwaka 2021 Tanzania na Kenya zilisaini makubaliano ya awali ya kujenga bomba la kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa. Likijengwa, nchi hizo mbili zitapaswa kuyasoma kwa makini yaliyotokea kati ya Moscow, Kyiv na Berlin kabla ya kukubaliana nani atamiliki nini.

Sehemu kubwa ya gesi ya Tanzania, hata hivyo, iko katika kina kirefu cha bahari, na jumla ya gesi iliyogunduliwa nchini inatajwa kuwa futi za ujazo trilioni 57.54. Mradi wa kuisindika huko Lindi, unaokadiriwa kugharimu dola bilioni 42, umejadiliwa na kampuni za Equinor, Shell na wenzao kwa zaidi ya muongo mmoja. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba majadiliano yamekamilika, lakini hadi mwaka 2025 mkataba ulikuwa haujasainiwa. Wapo wanaoulaumu ucheleweshaji huo wakisema soko la mwaka 2022 limepotea, na lawama hiyo ina ukweli wake, kwani Qatar na Marekani zinaongeza mitambo mingi na huenda bei ikashuka kabla shehena ya kwanza ya Lindi haijapakiwa. Lakini mkataba wa aina hii hukaa miaka 30, na kasoro yake hukaa muda huohuo.

Sheria iliyopitishwa na Bunge la Tanzania mwaka 2017 inawapa wabunge mamlaka ya kupitia mikataba ya maliasili na kutaka masharti hasi yajadiliwe upya. Mkataba wa Lindi utakapoletwa, wananchi na wabunge wao wasiishie kuuliza serikali itapata asilimia ngapi. Waulize ni kiasi gani cha gesi kitabaki nchini kwa umeme, viwanda na mbolea, na kwa bei gani. Nani atabeba hasara bei ya dunia ikianguka. Na kama mnunuzi mmoja akigeuka, gesi hiyo itakwenda kwa nani mwingine. Maswali hayo yaulizwe kabla ya saini, kwa sababu baada ya saini yatakuwa yamekwisha kujibiwa na wengine.